Joshimath: Lala Hapa Kabla ya Kupanda Badrinath

Mabasi mengi ya mahujaji huingia Joshimath jioni, yakashusha abiria waliochoshwa na kona za siku nzima, na alfajiri yakawabeba tena kabla hawajajua wamelala wapi. Kwa haraka hiyo watu hukosa mambo mawili: siku ambayo mwili ungeitumia kuzoea hewa ya juu, na mji wenyewe, ambao una historia na matatizo yake. Ushauri wangu ni mfupi. Panga kulala Joshimath usiku mara mbili kabla ya kwenda Badrinath, na kama safari yako inapanda zaidi, hadi Hemkund Sahib au Bonde la Maua, usipunguze hata usiku mmoja.

Mji huu uko wilaya ya Chamoli, jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, kwenye mteremko ulio mita 1,890 hivi juu ya usawa wa bahari. Bondeni chini yake, mahali paitwapo Vishnuprayag, mto Dhauliganga unaingia Alaknanda. Nao Alaknanda ukifika Devprayag huungana na Bhagirathi, na kuanzia hapo ndipo maji yanapoitwa Ganga. Kaskazini, mwendo wa kilomita 45 hivi, ndiko Badrinath, hekalu la mungu Vishnu na kimojawapo cha vituo vinne vya hija iitwayo Char Dham. Vingine vitatu, yaani Kedarnath, Gangotri na Yamunotri, viko kwenye mabonde mengine ya jimbo hilohilo. Sensa ya 2011 ilihesabu wakazi wasiofika 17,000, ila msimu wa hija ukianza wageni huwazidi wenyeji. Usishangae kuona vibao vimeandikwa Jyotirmath: serikali ililirudisha rasmi jina hilo la kale mwaka 2024, lakini makondakta, wenye hoteli na ramani za simu bado wanasema Joshimath.

Kwa familia za Kihindu za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, njia hii si ngeni. Wazee wengi huitamani kwa miaka kabla ya kuipata. Siku hizi wapo pia Waafrika Mashariki wanaosoma Dehradun au wanaompeleka mgonjwa Delhi, ambao wakipata nafasi hupenda kuiona Himalaya. Makala haya ni kwa wote hao.

Makaratasi kwanza

Jambo la kwanza linalomkwamisha msafiri kutoka kwetu hutokea uwanja wa ndege, siku nyingi kabla ya kuuona mlima. India inadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka au kupitia nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya, Uganda na Kongo zimo. Chanjo huhesabika kuwa halali siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja juzi na kusafiri leo hakusaidii. Asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Mtanzania naye asijidanganye kwamba hayamhusu, hasa kama anaunganisha ndege Nairobi au Addis Ababa. Kadi ni karatasi nyepesi; iweke ndani ya pasipoti na usahau habari zake.

Viza ya mtandaoni inapatikana kwa raia wa Kenya, Tanzania na Uganda. Iombe kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, ambayo anwani yake huishia na gov.in. Zipo nyingi za kuigiza zinazotoza mara kadhaa ya bei halisi.

Kisha kuna usajili wa hija. Tangu mafuriko ya Juni 2013, yaliyoua maelfu ya watu Kedarnath na kuharibu mabonde mengine, pamoja na Govindghat kwenye njia ya Badrinath, serikali ya Uttarakhand hutaka ijue nani yuko mlimani. Kila anayekwenda Badrinath hujiandikisha, mtandaoni au kwenye madirisha ya Haridwar na Rishikesh, na hupewa msimbo unaokaguliwa njiani. Mtandaoni fanya wiki kadhaa kabla, kwa sababu Mei na Juni nafasi za kila siku hujaa. Mgeni hutumia pasipoti. Jaza kwa ukweli sehemu ya maswali ya afya. Watu huficha shinikizo la damu wakidhani watazuiwa, kumbe taarifa hiyo ndiyo itakayomsaidia daktari ukianguka njiani.

Jambo moja ambalo wageni wengi hawalijui mpaka wanaswe: simu za setilaiti, pamoja na vifaa vidogo vya kutuma ujumbe kwa setilaiti ambavyo wapanda milima hupenda kubeba, ni marufuku India bila kibali maalumu. Wageni wamewahi kukamatwa navyo. Viache nyumbani. Ndege ndogo za kupigia picha nazo zinahitaji ruhusa, na katika eneo hili lililo karibu na mpaka wa Tibet sina sababu ya kukushauri hata uombe. Joshimath ni mji wa jeshi, makao ya kikosi cha Garhwal Scouts, na utaona malori ya kijani kila mahali. Usiyapige picha, wala madaraja, wala kambi. Bonde la Niti upande wa mashariki na njia ya Mana Pass kaskazini zina vibali vyake, ambavyo kwa mgeni wa nje ni vigumu zaidi kuliko kwa Mhindi. Kijiji cha Mana chenyewe, kilomita chache kutoka Badrinath, unaingia bila shida.

Njia

Kutoka Delhi watu huenda Haridwar au Rishikesh kwa treni au basi. Wanaokimbilia ndege hutua Jolly Grant, uwanja wa Dehradun. Kuanzia Rishikesh ni kilomita 250 hivi hadi Joshimath kwa barabara kuu namba 7. Kwa tambarare ungezimaliza asubuhi moja. Hapa zinakula saa tisa, kumi, na udongo ukianguka, siku mbili. Barabara hufuata mto ikipita Devprayag, Rudraprayag, Karnaprayag na Nandaprayag, na kila jina hapo ni mahali mito miwili inapokutana. Reli ya kutoka Rishikesh hadi Karnaprayag, kilomita 125 na sehemu kubwa yake ndani ya mahandaki, ingali inajengwa.

Una njia tatu za kupanda. Mabasi ya umma huondoka Rishikesh na Haridwar alfajiri sana, ni ya bei nafuu, na huchosha. Magari ya Sumo na Bolero hujaza abiria kama daladala na hayaondoki mpaka yajae. Gari la kukodi na dereva wake ni ghali, lakini kwa wazee ndilo jibu, na mkiwa wanne au watano bei inagawanyika. Ukikodi, tafuta dereva wa milimani, anayejua ni kona ipi hudondosha mawe mvua ikinyesha. Usimsukume aendeshe gizani. Usiku magari huzuiwa kwenye njia za hija, na sheria hiyo ina sababu. Kama tumbo lako haliwezi kona, kaa mbele na kula kidogo. Mifuko ya kutapikia si ya kuonea aibu, nusu ya basi inayo.

Kugawa safari hii mara mbili, kwa kulala Rudraprayag au Karnaprayag, ni busara ambayo kampuni za utalii hazipendi kuitaja kwa kuwa huongeza usiku mmoja kwenye bei.

Lini

Milango ya Badrinath hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au Mei na kufungwa Novemba. Tarehe kamili ya kufungua hutangazwa kila mwaka siku ya Basant Panchami, Januari au Februari, kwenye jumba la waliokuwa wafalme wa Tehri huko Narendranagar. Kwa hiyo usinunue tiketi ya ndege ya Aprili kwa kubahatisha.

Mei na Juni hali ya hewa ni nzuri na msongamano ni mkubwa. Foleni ya magari inaweza kuwa ndefu kuliko safari. Julai, Agosti na nusu ya kwanza ya Septemba ni masika ya huko, na hapo mlima hushuka barabarani. Julai 2024 barabara ilizibwa kwa siku kadhaa karibu na mji wenyewe, na mbele yake, upande wa Badrinath, Lambagad inajulikana kwa miaka mingi kwa maporomoko. Ningechagua mwisho wa Septemba na Oktoba: mvua imekwisha, anga limetakata, vilele vinaonekana, hoteli zina nafasi na bei zimeshuka. Usiku ni baridi kali, basi. Tatizo la ratiba hiyo ni moja tu, kwamba Bonde la Maua linakuwa limekwisha kunyauka. Maua huwa tele katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti, ndani ya mvua ileile. Atakayeyafuata akubali kulowa, na aweke siku tatu nne za akiba.

Idara ya hali ya hewa ya India hutoa tahadhari kwa rangi: njano, machungwa, nyekundu. Siku ya nyekundu usisafiri. Ukimwona dereva anacheka tahadhari hiyo, badilisha dereva.

Mwili wako na mwinuko

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Kila msimu mahujaji hufa kwenye njia za Char Dham, na wengi ni kwa moyo na mapafu, wala si kwa ajali. Hujaji wa kawaida ni mtu wa makamo au mzee, ametoka tambarare, ameketi ndani ya basi siku mbili, kisha anapandishwa ghafla zaidi ya mita 3,000, anafunga kula kwa ajili ya ibada na anaoga maji baridi alfajiri. Ni mzigo hata kwa kijana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki vipimo hivi huenda vikaeleweka haraka zaidi kwa mlima tunaoujua. Joshimath iko karibu sawa na lango la Marangu la Kilimanjaro. Badrinath, mita 3,100 hivi, iko juu ya Mandara na chini ya Horombo. Hemkund Sahib imepita mita 4,000, yaani juu ya Horombo, na watu huipanda na kushuka kwa siku moja. Mkazi wa Nairobi atafika Joshimath bila kuhisi tofauti, maana mwinuko ni karibu uleule. Wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ametoka pwani, na siku hizo mbili za Joshimath ni zake hasa.

Zitumie hivi. Siku ya kwanza pumzika, kunywa maji, tembea mjini polepole. Ya pili panda Auli, uwanda wa majani ulio juu ya mji, kati ya mita 2,500 na 3,000, kaa saa chache, kisha rudi kulala Joshimath. Kupanda mchana na kulala chini ni dawa ya zamani ya wapanda milima. Siku ya tatu nenda Badrinath. Mwenye moyo dhaifu, kisukari kisichotulia au umri mkubwa anaweza kwenda Badrinath alfajiri na kurudi Joshimath jioni bila kulala juu. Anapata darshan, yaani kuiona sanamu ya mungu, na analala mahali pazuri zaidi kwa mapafu yake.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko huanza kama uchovu wa kawaida: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi kukatika. Kaa palepale ulipo, usipande zaidi mpaka ziishe. Zikizidi, mtu akaanza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa maneno, au kuhema akiwa ameketi na kukohoa mapovu, hilo si la kusubiri asubuhi. Mshushe usiku huohuo. Oksijeni na dawa husaidia, lakini tiba ni kushuka. Dawa ya asetazolamaidi hutumika kuzuia dalili. Iulize kwa daktari wako kabla ya safari, hasa kama dawa za salfa hukudhuru.

Yapo mawili ambayo vitabu vya watalii wa Ulaya havikuambii, nayo ni yetu. Mwenye selimundu hapaswi kupanda huko bila daktari bingwa kumruhusu, na hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, ambaye nyumbani haugui kitu, anaweza kupata maumivu makali ya bandama hewa ikipungua. La pili ni malaria. Umetoka Kisumu au Mwanza wiki iliyopita, leo uko mlimani na kichwa kinagonga, unatapika. Kila mtu atasema ni mwinuko. Kama kuna homa, sema wazi kwamba umetoka eneo lenye malaria na uombe upimwe, maana daktari wa milimani hatalifikiria kwanza.

Joshimath ina kituo cha afya cha serikali chenye uwezo wa huduma ya kwanza. Hospitali ya wilaya iko Gopeshwar, na hospitali kubwa ya rufaa ni AIIMS ya Rishikesh, mwisho wa barabara ileile uliyopandia. Namba ya dharura ni 112, gari la wagonjwa 108. Bima ya safari isome maandishi madogo: zipo zinazoishia mita 3,000, na zipo zisizolipia helikopta.

Mji unaotitia

Mapema Januari 2023, watu wa Joshimath waliamka na kukuta nyufa zimepasua kuta, sakafu na barabara zao, na maji ya matope yakitoka mlimani kwenye mtaa mmoja wa chini. Picha za setilaiti zilionyesha ardhi imeshuka sentimita 5.4 katika siku 12 tu. Mamia ya majengo yaliathirika, familia zilihamishwa katikati ya baridi kali, na hoteli mbili zilizokuwa zimeegemeana zikabomolewa kwa mikono, tofali kwa tofali, kwa hofu kwamba mashine zingeangusha mtaa.

Halikuwa jambo la ghafla kwa waliosoma makaratasi. Mji umejengwa juu ya kifusi cha maporomoko ya kale, udongo na mawe yaliyolala juu ya mwamba bila kushikana nao. Kamati ya serikali iliyoongozwa na M. C. Mishra ilikwishaonya mwaka 1976: msijenge majengo mazito, msilipue mawe, msikate miti, wekeni mifereji ya maji machafu. Baada ya hapo zikaja hoteli za ghorofa nyingi, barabara pana na handaki la mradi wa umeme wa Tapovan Vishnugad. Wakazi wengi hulilaumu handaki, kampuni ya umeme imekanusha, na mifereji ya maji machafu ilibaki pungufu muda wote huo. Miaka miwili hivi kabla ya nyufa, tarehe 7 Februari 2021, kipande cha mwamba na barafu kilianguka kwenye bonde la Rishiganga, kikaleta gharika iliyoua au kupoteza watu zaidi ya 200, wengi wao wafanyakazi wa miradi hiyohiyo. Kijiji cha Reni kilichopigwa na gharika ile ndicho ambacho wanawake wake, wakiongozwa na Gaura Devi, waliikumbatia miti mwaka 1974 isikatwe. Hayo yote yako kwenye bonde moja.

Kwa mgeni, maana yake ni nini? Mji haujafungwa na hoteli zinafanya kazi. Uliza unapoweka nafasi kama jengo liko nje ya eneo lililotangazwa la hatari, na ukifika utazame kuta kwa macho yako. Chagua nyumba ndogo ya wageni yenye ghorofa moja au mbili badala ya jumba jipya: ni nyepesi juu ya udongo ule na fedha yako inabaki kwa familia. Tumia maji kwa uangalifu, kwani maji yanayopenya ardhini bila mfereji ni sehemu ya ugonjwa wa mji. Kamba ya magari ya angani kati ya mji na Auli, ndefu ya kilomita 4 hivi, ilisimamishwa wakati wa nyufa hizo. Ulizia hali yake, na usipoipata panda Auli kwa gari.

Na tafadhali, usiende kupiga picha nyumba za watu zilizopasuka. Mwenye nyumba anaweza kuwa anakutazama dirishani. Akitaka mwenyewe kukusimulia, na wengi hutaka, msikilize.

Hofu nyingine ya wafanyabiashara wa hapa ni barabara ya mchepuo kati ya Helang na Marwari, sehemu ya mradi wa barabara za Char Dham uliozinduliwa Desemba 2016. Ikikamilika, magari ya Badrinath yataweza kuupita mji kwa chini bila kuuingia. Wengine wanaona mlima utapumua, wengine wanaona biashara itakufa. Kulala hapa usiku mara mbili kuna faida kwao pia.

Cha kuona, cha kula

Hekalu la Narsingh ndilo moyo wa mji. Badrinath ikifungwa kwa theluji, kiti cha Shankara huteremshwa kuja kukaa hapa hadi milango ifunguliwe tena. Huyo Shankara, mwanafalsafa aliyetoka Kerala kusini kabisa mwa India karne ya 8, anatajwa na mapokeo kuwa ndiye aliyeanzisha hapa mojawapo ya vyuo vyake vinne vya watawa. Mpaka leo kuhani mkuu wa Badrinath hutoka Kerala. Utaonyeshwa mforosadi mkubwa mno ambao wenyeji husema alikaa chini yake akitafakari. Na utasikia habari ya mkono wa sanamu ya Narsingh: inasemwa unazidi kuwa mwembamba, na siku utakapokatika milima miwili itafunga njia ya Badrinath, na ibada itahamia Bhavishya Badri, hekalu dogo upande wa Tapovan. Mwaka 2023 hadithi hiyo ilisemwa sana, na waliokuwa wakiisema hawakuwa wakicheka.

Chakula cha njia hii ni cha mboga; Badrinath nyama na pombe havitakiwi kabisa, basi usibebe. Ulizia maharage ya milimani, rajma, na mkate mweusi wa mandua. Mandua ni ulezi. Nafaka hiyo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, ikavuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo mtu wa Kabale au Kisii atakuwa anakula cha nyumbani, ila umekandwa na kuokwa. Peremende za mbegu za mchicha ni za kununua kwa ajili ya njia.

Badrinath, Hemkund na Bonde la Maua

Barabara kutoka Joshimath kwanza hushuka hadi Vishnuprayag, kisha hupanda kupitia Govindghat na Pandukeshwar. Badrinath nenda mapema. Mbele ya hekalu pana chemchemi ya maji moto, Tapt Kund, ambamo mahujaji huoga kabla ya kuingia. Maji ni ya moto kweli na nje ni baridi. Mwenye shinikizo la damu ajimwagie kwa kikombe badala ya kuzama. Kama wewe si Mhindu, uliza mlangoni kuhusu kuingia, na ukiambiwa hapana usibishane. Viatu na mkanda wa ngozi huachwa nje, mabega na magoti hufunikwa, na simu haitumiki kupiga picha ndani. Salamu ya huko ni “Jai Badri Vishal”. Mzee wa kiume mwite “baba ji”, mama mtu mzima “mata ji”.

Mtu mweusi ni nadra kwenye njia hii. Utatazamwa, utaombwa picha na familia nzima, mtoto atawekwa mapajani mwako bila kuulizwa. Mara nyingi ni udadisi tu na unaweza kukataa kwa tabasamu.

Hemkund Sahib, ziwa na gurudwara, yaani hekalu la Masingasinga, hufikiwa kwa kuanzia Govindghat: gari hadi Pulna, kutembea kilomita 9 au 10 hadi Ghangaria iliyo mita 3,050, kulala, kisha kilomita 6 za kupanda tu. Huko juu hakulaliwi. Mchana lazima uwe umeanza kushuka. Bonde la Maua, hifadhi ya taifa iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2005, liko upande mwingine wa Ghangaria, hufunguliwa Juni hadi Oktoba, na jioni kila mtu hutolewa. Mizigo na wazee hubebwa na wapagazi au nyumbu. Patana kwenye dirisha la bei za serikali palipo na dirisha, na ukatae mnyama mwenye vidonda. Gurudwara za Joshimath, Govindghat na Ghangaria hulaza na kulisha yeyote bila bei, kama aliyewahi kusimama kwenye gurudwara ya Makindu, barabara ya Mombasa, anavyojua. Funika kichwa, kaa sakafuni na wengine, usibakize chakula, acha chochote kwenye sanduku, na osha sahani kama wenzako wanavyoosha.

Vya mfukoni

Beba fedha taslimu za noti ndogo kutoka Rishikesh. Mashine za kutolea fedha zipo Joshimath, ila msimu ukichemka huishiwa, na malipo ya simu wanayotumia Wahindi hadi kwa muuza chai mgeni huenda asiyapate. Laini ya simu nunua Delhi uwanja wa ndege, kwani huku juu kumsajili mgeni ni kazi. Piga simu hotelini kuuliza kama wanapokea raia wa nje, maana hutakiwa kupeleka taarifa zako serikalini na wengine hawataki usumbufu huo. Nguo za tabaka tabaka, koti la mvua, viatu vilivyokwishazoea mguu, dawa zako zote za mwezi mzima, betri ya akiba ya simu. Vyumba vingi havina kipasha joto. Utaletewa ndoo ya maji moto ukiiagiza mapema.

Kwenye kurudi, usipange kushuka kutoka Joshimath na kupanda ndege Delhi siku inayofuata. Acha siku mbili kamili katikati, na wakati wa mvua tatu. Barabara ikifunguka mapema, Rishikesh ina mahali pengi pa kuzimalizia.